Mkono wa Aliyeanguka

Kinyozi hakuja kushonesha kitu. Alisimama mlangoni mwa karakana ya maturubai akiwa na taulo begani na nywele za mteja bado zimemganda vidoleni, akajifanya anakagua mshono wa turubai la lori lililotandazwa sakafuni. Mwanamke aliyekuwa kwenye cherehani alimwacha akague. Alimjua tangu enzi walipokuwa wakiburuzana pamoja kwenye mieleka, na alijua kwamba Kinyozi akikaa kimya hata kwa muda wa kunyoa kidevu kimoja, basi kuna jambo limemkaa kooni.

"Sema, bwana," alimwambia bila kuinua macho. "Hilo turubai si lako."

"Dada Kupe, mdogo wako anaumwa?"

"Ana msiba. Sote tuna msiba."

"Msiba naujua, nimefiwa na mimi." Kinyozi alilivuta lile taulo, akalikunja, akalikunjua tena. "Sisi wanafunzi wa baba yako tumeacha kwenda ukumbini. Wote. Tunadanganyana kwamba kazi zimezidi. Ukweli ni kwamba yule kijana anapigana mieleka na mtu pale, kila siku baada ya chakula cha mchana, na huyo mtu hayupo."

Kupe aliondoa mguu kwenye kanyagio, cherehani ikanyamaza.

"Anafanya mazoezi peke yake. Baba alitufundisha hivyo, unapigana na kivuli."

"Kivuli hakimwachii mtu alama za vidole shingoni. Nilimnyoa juzi, nikaziona. Nne nyuma ya shingo, moja chini ya sikio." Kinyozi alijishika shingo yake mwenyewe kuonyesha, kisha akauondoa mkono upesi. "Wahenga walisema mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Mimi nimeshatia maji, nimekaa dukani kwangu. Lakini nikasema, dada yake asipoambiwa itakuwa dhambi."

Jina la Kupe alipewa na baba yake akiwa msichana mdogo, kwa sababu akishaudaka mguu wa mtu hakuuachia hata akiburuzwa ukumbi mzima. Mdogo wake wa kiume aliitwa Kiroboto. Mzee aliwaambia wageni kwamba yeye aliomba watoto, Mungu akamletea wadudu, na akishasema hivyo alicheka mpaka akakohoa. Yeye mwenyewe watu walimwita Nguzo. Miaka yote aliyofundisha mieleka, katika ukumbi uliokuwa zamani ghala la rangi nyuma ya gereji, hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kumwangusha chini. Na sasa alikuwa kaburini, na udongo wa kaburi lile ulikuwa haujashikana vizuri.

Kesho yake Kupe alifunga karakana mapema. Kwenye gereji mafundi walikuwa wamejilaza chini ya magari, miguu tu ndiyo inaonekana, na hakuna aliyemsalimia. Paa la bati la ukumbi lilikuwa linalia tik, tik kwa jua. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kupitisha jicho, naye alitia jicho.

Mahali palikuwa vilevile. Vidirisha vidogo juu karibu na bati, harufu ya rangi ya zamani iliyokataa kutoka, mizani ya chuma ya kupimia watu kando ya ukuta, na katikati mkeka, ndivyo walivyoyaita magodoro membamba yaliyopangwa yakafunikwa turubai moja kubwa. Turubai lile alilishona yeye kwa mikono yake, pindo lote, na alijua kila mahali uzi ulipokatika akaufunga upya. Joto la ndani lingeweza kuumua unga. Hata hivyo pale mlangoni alihisi baridi ikimpita vifundoni.

Kiroboto alikuwa katikati ya mkeka, macho kayafumba. Alikuwa amekabana. Mkono mmoja umepinda kama umeshika shingo ya mtu kwa nyuma, mwingine umebana mkono wa mtu juu ya kiwiko, na paji lake la uso limeegemea, kabisa, kwa uzito wake wote, mahali palipokuwa na hewa tupu. Mwili hausimami hivyo. Kupe alikuwa ameisoma miili ya watu kwa miaka, na alijua kwamba ukiegemea kitu kisichokuwepo unakwenda chini na pua. Kiroboto hakwenda chini. Mbele ya miguu yake turubai lilikuwa limebonyea mahali pawili, upana wa nyayo mbili kubwa, na vile vibonyeo vilikuwa vinatembea.

Aliona kila kitu, kwa sababu hakuweza kuondoka. Aliona Kiroboto akiivuta ile shingo chini na kando, na kibonyeo kimoja kikisogea mbele, kama mtu anayepiga hatua kujiokoa. Aliona kijana akishuka kwa magoti, mikono ikizunguka nyuma ya goti la mtu asiyeonekana, ikifungana, ikiinua. Kibonyeo kimoja kikatoweka. Kile cha pili kikaanza kurukaruka juu ya turubai, hapa, pale, pale, kwa mguu mmoja. Kisha Kiroboto akarudi nyuma kwa kuzunguka, akakandamiza bega, na mkeka wote ukatikisika kwa kishindo. Vumbi liliruka juu kwenye mwanga. Pale chini palikuwa na kibonyeo kirefu, cha mgongo mpana wa mwanamume.

"Pole," alisema Kiroboto.

Kimya. Halafu turubai likapigwa mara mbili, pa, pa, kwa kiganja kisichoonekana. Kiroboto aliinama, akanyoosha mkono, vidole vyake vikajifunga juu ya kitu, akaegemea nyuma kama mtu anayevuta ndoo kisimani, akavuta. Mishipa ya shingo ilimtoka. Alipomaliza alikuwa na rangi ya majivu, na alilazimika kushika magoti ili asianguke.

Kupe aliusukuma mlango. Hofu alikuwa nayo, tena nyingi, lakini hasira ilimtangulia kama kawaida yake.

"Panda kwenye mizani," alisema.

"Dada..."

"Nimesema panda."

Kiroboto alipanda. Ule mshale ulitikisika, ukasimama mahali ulipokuwa ukisimama zamani alipokuwa bado anavaa kaptura za shule. Kupe alimtazama mdogo wake vizuri kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akaona aibu kwamba ilibidi kinyozi ndiye amwonyeshe. Kijana hakuwa amevaa nguo, nguo ndizo zilizokuwa zimemvaa yeye.

"Ni yeye," alisema Kiroboto, bado amesimama juu ya mizani. "Usiniulize kama nimechanganyikiwa. Wewe unaujua mkono wake. Ungekushika shingo kati ya watu elfu, usingeutambua?"

Kupe alijishika shingo yake. Angeutambua.

Ukumbi ule ulikuwa na sheria nyingi, nyingine za kuchekesha, lakini moja haikuwa na mzaha. Aliyeangusha ndiye anayeinua. Unamwangusha mwenzako, unasema "pole". Yeye anajibu "nimeshapoa", anapiga mkeka kwa kiganja, ananyoosha mkono, unamvuta juu. Wakati mmoja alikuja fundi mwashi, mtu wa misuli, akamwangusha mwenzake kisha akaanza kuzunguka na mikono juu akijishangilia, yule mwingine bado yuko chini na mkono hewani. Nguzo alifungua mlango akamwonyesha jua lilipo. Mwashi alileta wazee wamwombee msamaha, akamleta hadi baba mkwe wake, haikusaidia. "Kumwangusha mtu ni mchezo," Nguzo aliwajibu. "Kumwacha chini ni roho mbaya, na roho mbaya siifundishi." Ndiyo maana mikono ya wanafunzi wake ilizoea kwenda yenyewe. Kinyozi aliwahi kuinua gunia la unga lililodondoka kwenye mkokoteni, akaliambia pole, watu wakamcheka mwezi mzima.

"Siku ile nilichelewa," alisema Kiroboto. "Unajua. Tulikuwa tumepanga baada ya chakula, mimi nikakaa kibandani nakunywa chai na porojo. Nilipofika nilimkuta chali hapohapo. Moyo ulikuwa umeshasimama. Lakini turubai pembeni ya mkono wake lilikuwa na jasho la kiganja, dada. Alipiga mkeka. Alipiga, na hakukuwa na mtu."

Kupe hakuwa ameambiwa hilo. Alikaa chini ukingoni mwa mkeka, akausogeza mguu wake pembeni ya mahali kilipokuwa kile kibonyeo cha mgongo.

"Baada ya mazishi nikaja kufagia," Kiroboto aliendelea. "Mkono ukanishika shingo. Nikafumba macho, nikashika na mimi. Akanipa mguu."

"Alikupa?"

"Aliuleta mwenyewe."

Hilo lilimtisha Kupe kuliko vibonyeo. Baba yake alichukia mtu wa kujiangusha kuliko alivyochukia mwizi. Mwanafunzi akimpa mwenzake mguu kwa huruma, Nguzo aliwafukuza wote wawili siku hiyo. Mtu yule kuleta mguu wake mwenyewe, alikuwa na haja gani kubwa hivyo ya kulala chini na kuinuliwa?

"Alikuwa mwepesi, kama nimemwangusha shati," alisema Kiroboto. "Nikampa mkono. Ningefanya nini tena? Siku ya pili alikuwa mzito kidogo. Siku iliyofuata kidogo tena."

"Na wewe unapungua."

"Mimi ni kijana, nitanenepa."

"Utanenepea wapi? Kula huli, mama analalamika. Kesho huji hapa."

Kiroboto alishuka kwenye mizani polepole, mkono ukutani. "Nitakuja. Yeye alituinua sisi maisha yetu yote. Sitamwacha chini mara ya pili. Nikifa, nimekufa."

Alisema hivyo bila kelele, kama mtu anayetaja saa ya kufungua duka, na Kupe alijua kuwa hapo hapana wa kumbembeleza.

Nyumbani, mama yao alikuwa jikoni anachambua mchele kwenye sinia. Kiroboto alipita moja kwa moja chumbani akajitupa kitandani. Chakula chake kilikuwa mezani kimefunikwa, kile cha mchana na kile cha jana.

Kupe alivuta kigoda. Alijaribu kuanza kwa kuzunguka, habari ya Kinyozi, habari ya ukumbi, mpaka mama yake akamkata.

"Mashati yake yananuka ile dawa ya baba yenu ya kuchua misuli," alisema mama, vidole havijaacha mchele. "Nayafua, nayaanika, kesho yananuka tena. Nimelala na mtu yule maisha yangu yote, unafikiri nitaisahau harufu yake?"

"Kwa hiyo unajua."

"Najua." Aliokota kijiwe, akakitupa mlangoni. "Bado anakohoa?"

Kupe hakutegemea swali hilo, na lilimchoma. "Sikumsikia akikohoa, mama."

"Afadhali." Mama alitikisa sinia, akalipuliza. "Baba yenu aliwafundisha kuinua watu, na alifanya vizuri. Lakini maiti haiinuliwi ikasimama, mwanangu. Inabebwa, inalazwa. Sisi tulimlaza. Huyu mtoto anamwamsha kila siku, na mtu aliyeamshwa usingizini huamka na njaa."

"Kiroboto hataki kumwacha."

"Hawezi, si kwamba hataki. Wewe nenda kamwangushe, umwache hapo chini."

"Mama! Nimwache baba chini?"

"Mimi nilimwacha makaburini nikarudi hapa kupika, kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa watu na walitakiwa kula. Unadhani ilikuwa rahisi?" Ndipo mama alipoacha mchele na kumtazama. Macho yalikuwa makavu. "Nilimpenda baba yenu, na yeye analijua hilo huko aliko. Lakini mtoto wangu hamli."

Asubuhi Kupe alipita kwa Kinyozi. Alimwomba jambo moja tu, amwite Kiroboto dukani baada ya chakula, amkalishe kitini, ampake sabuni kichwa kizima na amnyoe taratibu kuliko alivyowahi kumnyoa mtu. Kinyozi aliuliza kuna nini. Kupe akamwambia atie maji, asiulize.

Alifika ukumbini peke yake. Alivua viatu, akasimama katikati ya mkeka, akafumba macho. Katika kukabana macho ni mzigo, baba yake ndivyo alivyosema, kwani yanakuonyesha uso wa mtu na uso hauna habari yoyote, habari yote iko kwenye uzito. Alinyoosha mkono mbele. Paa lililia tik, tik. Nje mtu aligonga chuma. Alijiona mjinga, mwanamke mzima na watoto wake, amesimama na mkono hewani kama anayesimamisha gari.

Mkono ulimshika shingo.

Vidole vinne nyuma, kidole gumba chini ya sikio. Ulikuwa wa baridi, lakini ngozi ilikuwa ileile ngumu ya kiganjani, hata ule ufa wa kidole gumba ambao haukupona maisha yake yote. Harufu ya dawa ya kuchua ikamjaa puani. Paji la uso likaja likagusana na lake, likatulia hapo. Kupe alitaka kusema "baba". Alikaza meno, akashika shingo, akabana mkono juu ya kiwiko. Vyote vilikuwepo.

Alisubiri apewe mguu. Hakupewa.

Alivuta. Alikuwa kama anavuta ukuta. Nguzo hakuwa mwepesi tena, alikuwa amejaa, na Kupe alijua amejazwa na nyama ya nani. Alijaribu tena upande wa pili, akainamishwa kichwa chini kwa mkupuo mmoja, akapepesuka, akajirudisha kwa shida. Pengine mzee aliujua mkono wa binti yake na yaliyokuwa moyoni mwake. Mikono inayokabana haifichani kitu. Alijua kwamba huyu hakuja kumwinua.

Kupe akafanya kosa la wanafunzi wapya. Aliukimbilia mguu. Alishuka bila kuuita, mikono mbele, na goti likarudi nyuma likamwacha anakumbatia hewa, kisha uzito wote ule ukamshukia mgongoni. Alikaribia kulala kifudifudi. Alitambaa, akajinyanyua, akarudi kwenye shingo akihema, na katika kuhema kwake alikumbuka mchana mmoja wa zamani baba yake akimzungusha ukumbini na kumwambia, "Mguu haufuatwi, wewe kupe. Mguu unaitwa. Mfanye mtu auhitaji mahali fulani, ataupeleka mwenyewe."

Basi alichoka. Hakuigiza kuchoka, alichoka kweli, akaacha uzito wake ummwagikie mzee, paji kwa paji, kama mtu anayelala kwa kusimama. Nguzo alianza kumsukuma. Alimsukuma hatua moja, Kupe akaenda nayo. Akamsukuma tena, na safari hii Kupe hakurudi nyuma, aliteleza kando na kuivuta ile shingo chini upande uleule iliokuwa ikielekea. Mzee alihitaji mguu ili asianguke. Akaupeleka mbele.

Kupe alishuka kwa magoti, mgongo umenyooka, akaudaka nyuma ya goti, akafunga mikono. Sikio lake lililala ubavuni mwa baba yake. Alipokuwa mtoto alikuwa akilisikia hapo pigo la moyo, du, du, akalitumia kuhesabia pumzi zake mwenyewe. Sasa ndani hamkuwa na kitu chochote kinachopiga.

Akauinua mguu. Mzee akaanza kurukaruka kwa mguu mmoja, na Kupe akarukaruka naye, na hapo ndipo pagumu palipokuwa. Mpaka hapo alikuwa hajashinda wala hajashindwa. Alikuwa ameukumbatia mguu wa baba yake kifuani, mguu halisi, wenye uzito, na kwa muda wote asiouachia baba angekuwepo. Angeweza kubaki hivyo. Wala hakutaka kingine duniani. Machozi yalimtoka yakashuka mpaka kidevuni, na bado alishikilia, wakizunguka wote wawili juu ya turubai alilolishona mwenyewe.

Kisha alikumbuka rangi ya majivu usoni mwa Kiroboto. Akarudi nyuma kwa kuzunguka, akakandamiza bega juu ya paja, na Nguzo akaanguka.

Kishindo kilitikisa hata mizani. Kupe alifungua macho. Mdomo wake ulikuwa tayari umetoa "po", akaing'ata sehemu iliyobaki. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshanyooka mbele, haukuomba ruhusa, akaurudisha kwa ule wa kushoto kama anayezuia mbwa, akaificha yote miwili kwapani.

Pa, pa.

Karibu na kile kibonyeo cha mgongo, turubai lilikuwa linapigwa. Kiganja kilipiga, kikangoja. Kupe alirudi nyuma hatua moja.

Pa, pa.

Mlango ulifunguka kwa nguvu. Kiroboto alisimama hapo akihema, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu ina povu la sabuni linalomtiririka sikioni, taulo la Kinyozi bado limefungwa shingoni. Alimwona dada yake na mikono yake kwapani. Alisikia.

"Anaomba mkono!" alipiga kelele. "Dada, mpe mkono!"

Alikimbia. Kupe alimkatia njia, akamdaka shingo, wakakabana, na moyo wake ulivunjika kwa jinsi alivyokuwa mwepesi. Hakuhitaji ufundi wowote. Alivuta, mguu ukaja, akauinua kama anainua tawi, akamlaza mdogo wake chali na kumlalia juu, mikono bado imefungana nyuma ya goti. Kiroboto alijigeuza, akajipinda, akanyoosha mkono wake kuelekea pale kiganja kilipokuwa kinapiga. Vidole vilifika karibu, vikabaki vinakwaruza turubai.

"Dada, nakuomba. Nakuomba. Mara moja tu, halafu basi."

"Hapana."

"Alikuwa peke yake! Mara ya kwanza alikuwa peke yake, sasa sisi tupo na tunamwangalia tu!"

"Najua," alisema Kupe. Alikuwa analia kwa sauti. "Najua, mdogo wangu. Hapana."

Pa, pa, iliita mbele ya nyuso zao, karibu kiasi kwamba walihisi upepo wa kiganja. Halafu ikawa pa moja, na kimya kirefu, na pa nyingine. Kiroboto aliacha kupigana, naye Kupe alifumba macho ili asione, lakini masikio hayafumbwi. Alisikia ya mwisho. Ilikuwa laini, kama mtu anayepapasa kitambaa kukijua ni cha aina gani. Walipotazama tena, kile kibonyeo kirefu kilikuwa kinajaa polepole, mpaka turubai likawa sawa kila upande.

Bati lililia tik, tik. Kwenye gereji mtu alicheka kwa jambo lake.

Kupe aliuachia mguu wa mdogo wake. Alisimama juu yake, akanyoosha mkono. "Pole," alisema.

Kiroboto aliutazama ule mkono kwa muda. Kisha akajigeuza ubavu, akaweka kiganja chini, akajiinua mwenyewe, goti moja, goti la pili, akasimama. Hakuna mtu aliyewahi kufanya hivyo katika ukumbi ule.

"Ulimsikia," alimwambia.

"Nilimsikia."

Alijifuta povu sikioni kwa taulo la Kinyozi, akaenda mpaka mlangoni, akasimama hapo amempa mgongo. Bega lake lilipanda na kushuka. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa na hasira ambayo Kupe alijua haitaisha leo wala mwaka huu.

"Mama kapika?"

"Kapika. Tangulia, nakuja."

Alisikia hatua za kijana zikipita kwenye gereji, za haraka, za mtu anayekwenda kula. Alibaki peke yake na mkeka. Alipiga magoti pale turubai lilipokuwa limebonyea, akaliwekea kiganja, lilikuwa na joto la jua tu.

"Pole, baba," alisema.

Alingoja jibu, ingawa alikuwa amefanya yote yale ili lisije. Halikuja.